Bibi Pauahi wa Hawaii: Ardhi Aliyoirithi na Watoto Aliowaachia

Baada ya kusoma hesabu za fedha na orodha ya waliosaidiwa katika mwaka uliopita, si vibaya wanachama na wazee wetu wakatulia kidogo wakatazama mambo ya historia. Safari hii tumemchagua mwanamke mmoja wa visiwa vya Hawaii, Bibi Bernice Pauahi Bishop, aliyezaliwa mwaka 1831 akafariki mwaka 1884. Hakuwa mtu wa kwetu, wala Afrika hakupata kuiona. Walakini swali lililomkabili ni lile lile linalotukabili sisi kila tunapokaa mkutanoni: mtu aliyeachiwa mali na wazee wake aifanyeje ili isiishie matumboni mwa wachache, bali iwafae watoto watakaozaliwa baada yake?

NCHI NA WATU WAKE

Visiwa vya Hawaii viko katikati ya bahari ya Pasifiki, mbali sana na bara lolote. Mfalme Kamehameha wa Kwanza aliviweka vyote chini ya utawala mmoja mwaka 1810. Zamani hizo ardhi haikuwa bidhaa ya sokoni. Mfalme aliwagawia machifu, machifu wakaweka wasimamizi, nao raia walilima magimbi na kuvua samaki, wakitoa sehemu ya mapato yao kwa wakubwa. Aghalabu eneo moja lilianzia juu mlimani likashuka mpaka baharini, kusudi watu wa mahali pale wapate kuni, maji, shamba na kitoweo. Hapakuwa na hati, wala hapakuwa na mtu aliyeuza.

Mwaka 1778 merikebu za Kapteni James Cook ziliwasili, na nyuma yake wakaja wafanya biashara, wavuvi wa nyangumi, na kuanzia mwaka 1820 wamisionari kutoka Marekani. Pamoja na wageni yalikuja maradhi ambayo wenyeji hawakuwa na kinga nayo. Watu walikufa kwa wingi wa kutisha, hata hesabu ya mwaka 1878 ilipofanywa, wenyeji asili waliobaki walikuwa kama 44,000 tu.

Mwaka 1848 ulifanywa mgawanyo mkuu wa ardhi. Mfalme, serikali na machifu kila mmoja aliandikiwa fungu lake. Miaka miwili baadaye raia walipewa ruhusa ya kudai vishamba walivyokuwa wakivilima, na katika mwaka huo huo wageni nao walipewa haki ya kununua ardhi. Raia wengi hawakupeleka madai yao, na waliofanikiwa walipata kama ekari 28,600 tu kwa jumla, yaani haikufika hata ekari moja katika kila mia ya nchi yote. Machifu nao, waliozoea kupokea magimbi na samaki, sasa walikuwa na hati mkononi na madeni dukani. Wengi waliuza. Mwaka 1875 ulipofanywa mkataba wa kuingiza sukari Marekani bila ushuru, thamani ya ardhi ya miwa ilipanda, na tamaa ya wanunuzi ikapanda nayo.

Wazee wetu wanaojua jinsi mashamba ya Mkoa wa Kati yalivyokusanywa, yakapimwa na kuandikiwa hati baada ya mwaka 1954, hawahitaji kuelezwa sana. Hati ni ngao kwa mwenye kuitunza, na ni mlango wazi kwa mwenye kuiuza.

BINTI WA CHINI YA MKWAJU

Pauahi alizaliwa Honolulu tarehe 19 Desemba 1831. Alikuwa kitukuu cha Kamehameha wa Kwanza. Baba yake aliitwa Pākī na mama yake Kōnia, wote wawili watu wa jamii ya machifu. Husimuliwa ya kwamba baba alipanda mkwaju kwa ajili ya kuzaliwa kwa bintiye, na mti ule ukakua pamoja na mtoto katika uwanja wa nyumba yao. Katika nyumba hiyo alilelewa pia binti mwingine, Liliʻuokalani, kama dada wa kulea. Jina lake tutalikuta tena mbele.

Pauahi alisomeshwa katika shule ya watoto wa machifu, na wazee walikwisha kumposea Lot, mwana wa nasaba ya kifalme. Yeye mwenyewe alimchagua Charles Reed Bishop, kijana wa Kimarekani aliyefika visiwani mwaka 1846, asiye na nasaba wala mali ya kutajwa. Walioana tarehe 4 Juni 1850, na wazazi wa bibi arusi hawakuhudhuria. Baadaye walipatana, na Pākī alipofariki mwaka 1855 bintiye alirithi nyumba pamoja na mashamba. Mume naye alifungua benki mwaka 1858, ikawa benki kubwa nchini.

Fungu la wazazi wake lilikuwa zaidi ya ekari 5,000. Mwaka 1877 shangazi yake aitwaye ʻAkahi alimwachia zaidi ya ekari 9,000. Bibi Pauahi hakuyaacha mambo hayo yote kwa mumewe. Alikuwa akiketi uwanjani chini ya mkwaju ule ule, na watu wa mashambani walimjia hapo, huyu na shauri la mpaka, huyu na taabu ya jamaa, huyu na habari za mazao, naye akiwasikiliza mmoja mmoja kwa lugha yao. Kadhalika alifundisha watoto katika kanisa la Kawaiahaʻo, na alikuwa katika chama cha akina mama kilichosaidia wageni wagonjwa na maskini wa mji. Twaona basi ya kwamba kazi ya kusimamia ardhi na kazi ya kusaidia watu hazikuwa kazi mbili kwake.

KITI ALICHOKIKATAA

Yule Lot aliyekuwa amposeshwe alikuja kutawala kwa jina la Kamehameha wa Tano. Tarehe 11 Desemba 1872, akiwa katika saa zake za mwisho na bila mrithi, alimwita Pauahi kitandani pake akamwambia ya kwamba anataka amrithi kitini. Pauahi akakataa. Alisema wako wengine wenye haki, akamtaja Bibi Ruth Keʻelikōlani, dada wa mfalme. Mfalme alifariki siku ile bila kumteua mtu.

Wako waliomwona mjinga. Lakini tutazame yaliyofuata. Mwaka 1891 yule dada yake wa kulea, Liliʻuokalani, alikalia kiti kile. Mwezi wa Januari 1893 kikundi cha wafanya biashara na wenye mashamba, wengi wao wa asili ya Marekani, kilimwondoa kwa msaada wa askari walioshuka kutoka merikebu ya kivita ya Marekani. Mwaka 1898 nchi yote ikatiwa chini ya Marekani, na ardhi iliyokuwa ya ufalme ikachukuliwa pamoja na ufalme wenyewe. Ardhi ya Pauahi haikuchukuliwa. Sababu yake ndiyo kiini cha maelezo haya.

WASIA

Bibi Ruth Keʻelikōlani alikuwa amerithi mali ya jamaa zake waliokufa mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mwanamke mwenye msimamo, asiyekubali kusema ila lugha ya kwao. Alipofariki tarehe 24 Mei 1883 alimwachia Pauahi karibu ekari 353,000. Kwa siku moja Bibi Pauahi akawa mwenye ardhi kuliko mtu mwingine yeyote visiwani: jumla yake ilifika kama ekari 375,000, yaani kama sehemu 9 katika kila mia ya nchi nzima.

Mzigo huo ulimkuta akiwa hana mtoto. Walikuwa wamepata kumlea mtoto mchanga wa Bibi Ruth, naye alifariki kabla ya kutimiza mwaka. Ndugu wa nasaba ya Kamehameha walikuwa wamekwisha. Angeweza kuwagawia jamaa wa mbali, na katika miaka michache ardhi ingeuzwa kama walivyouza machifu wengine. Angeweza kumwachia mumewe yote. Hakufanya hivyo. Tarehe 31 Oktoba 1883, miezi mitano tu baada ya kurithi, alitia sahihi wasia wake. Mwaka uliofuata, akiwa mgonjwa wa saratani ya titi, aliongeza maneno mara mbili katika mwezi wa Oktoba, na tarehe 16 ya mwezi huo akafariki, umri wake miaka 52.

Katika wasia aliwakumbuka watumishi na jamaa. Kisha, sehemu kubwa iliyobaki aliiweka mikononi mwa wadhamini watano ili wajenge shule mbili, moja ya wavulana na moja ya wasichana, ziitwe kwa jina la Kamehameha. Watu wa pwani yetu wataitambua mara moja desturi hii, maana ni ndugu ya wakfu: mali inasimama, faida yake ndiyo inayotumika. Na masharti aliyoyaweka yanastahili kusomwa polepole na kila mwenye cheo katika chama.

Kwanza, watoto wafundishwe masomo ya kawaida, maadili mema na ujuzi wa kuwafanya watu wenye bidii, na sehemu ya mapato itumike kuwasaidia yatima na wasiojiweza, hasa wenye damu ya wenyeji. Pili, wadhamini wasiuze ardhi, ila pale itakapokuwa lazima kwa ajili ya shule au kwa manufaa ya mali yenyewe. Tatu, fedha za kujengea zisizidi nusu ya mali, ili majengo yasile mapato ya kuyaendesha. Nne, kila mwaka wadhamini wampe Jaji Mkuu taarifa kamili ya mapato na matumizi na hali ya shule, pamoja na orodha ya mali na jinsi ilivyowekezwa, na waitangaze katika gazeti la Honolulu ili kila mtu aisome. Tano, mdhamini akiondoka, wa kumrithi achaguliwe na majaji wa Mahakama ya Juu.

Ndugu wanachama, kijitabu hiki mlichonacho mkononi ni jamaa wa sharti lile la nne. Bibi yule hakuwa na elimu ya sheria, lakini alifahamu ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

MATUNDA

Bwana Bishop alikuwa mmoja wa wadhamini watano wa kwanza. Alitimiza wasia kwa uaminifu, hata akaongeza mali yake mwenyewe juu ya ile ya mkewe. Shule ya wavulana ilifunguliwa mwaka 1887 ikiwa na wanafunzi 37. Shule ya watoto wadogo ilifuata mwaka 1888, na ya wasichana mwaka 1894. Mwaka 1889 Bwana Bishop alianzisha jumba la makumbusho kwa jina la mkewe, likahifadhi vyombo na mavazi ya machifu, nalo liko mpaka leo.

Siku hizi shule hizo zina makao makubwa matatu, katika visiwa vya Oʻahu, Maui na Hawaii. Wakfu bado una ardhi ya ekari 360,000 na zaidi, na ndio mwenye ardhi binafsi mkubwa kuliko wote visiwani. Hata ufukoni Waikiki, mahali palipojaa hoteli na watalii, yako maduka yaliyojengwa juu ya ardhi ya Pauahi, na kodi yake huingia katika mfuko wa shule. Mtalii anunuapo shati pale, hajui ya kwamba anachangia karo ya mtoto wa Kihawaii.

MAKOSA NA MASHAKA

Tungekuwa tunawadanganya wasomaji kama tungeishia hapo. Mali hii imepata misukosuko mingi, na mingine ilitoka ndani.

Kosa la kwanza lilikuwa la shule zenyewe. Kwa miaka mingi wanafunzi walikatazwa kusema lugha yao ya Kihawaii, wakaadhibiwa wakiisema. Shule zilizoanzishwa ili kuwainua wenyeji zikawa zinawaondolea ulimi wa mama zao. Baadaye lugha hiyo ilirudishwa madarasani kwa heshima, lakini wazee waliokuwa wakiisema vizuri walikuwa wamekwisha kupungua.

Shaka la pili lilihusu kodi. Kwa kuwa wadhamini hawakutakiwa kuuza, walikodisha viwanja kwa miaka mingi, nao wapangaji wakajenga nyumba zao juu yake. Kufikia miaka ya 1960, wamiliki binafsi 72 tu walikuwa na asilimia 47 ya ardhi yote ya Hawaii, na maelfu ya jamaa walikaa katika nyumba zao wenyewe juu ya ardhi isiyo yao, wakihofu siku mkataba utakapokwisha. Mwaka 1967 ilitungwa sheria ya kuwawezesha wapangaji hao kununua viwanja hata kama mwenye ardhi hapendi. Wadhamini walipinga mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1984 wakashindwa kwa kauli moja ya majaji wote 8 waliosikiliza. Hapa kila upande ulikuwa na haki yake. Mpangaji alitaka usalama wa nyumba, na mtoto wa shule alitaka urithi wake usivunjwe. Ni lazima tukiri ya kwamba ardhi iliyokaa mkono mmoja, hata mkono huo ukiwa wa sadaka, humbana mwingine.

La tatu ndilo lililotia uchungu kuliko yote. Mauzo yale ya viwanja yalileta fedha nyingi mno, na wadhamini wakawa watu wakubwa. Kufikia miaka ya 1990 kila mmoja wa wale watano alikuwa akilipwa karibu dola milioni moja kwa mwaka. Uteuzi wao ulinuka siasa, na walimu walilalamika ya kwamba mambo ya shule yanaingiliwa. Mwamba ngoma, walisema wahenga, ngozi huvutia kwake.

Mwezi wa Mei 1997 mamia ya wanafunzi wa zamani, wazazi na walimu waliandamana kutoka makaburi ya wafalme, alikozikwa Pauahi, mpaka mahakamani na ofisi za wadhamini. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo watu watano wenye kuheshimika, wazee wa Kihawaii miongoni mwao, walichapisha gazetini maelezo marefu ya jinsi amana ilivyovunjwa. Serikali ikachunguza. Ofisi ya kodi ya Marekani ikatishia kuuondolea wakfu msamaha wa kodi, jambo ambalo lingeukausha mfuko. Mwaka 1999 wadhamini waliondolewa kazini, na wapya wakawekwa. Majaji wa Mahakama ya Juu nao walikwisha kutangaza mwishoni mwa mwaka 1997 ya kwamba hawatateua wadhamini tena, na tangu hapo kazi hiyo imefanywa na mahakama ya mirathi.

Tuangalie jambo moja. Sharti la kutoa taarifa kila mwaka lilikuwemo katika wasia tangu mwanzo, na majaji waliokuwa wakiteua walikuwa watu wa sheria. Walakini karatasi peke yake haikutosha. Kilichoiokoa mali ni watu waliosomeshwa nayo. Watoto wa Pauahi, wasio wa damu yake, walikua, wakasoma wasia wa mama yao, wakalinganisha maneno yake na matendo ya wasimamizi, kisha wakatoka njiani kuutetea.

NENO LA MWISHO

Wengine husema mwanamke hawezi kusimamia ardhi ya ukoo, au akiisimamia itahamia kwa waume. Bibi Pauahi aliolewa na mgeni mwenye benki, katika nchi iliyokuwa ikichukuliwa na wageni, na mali ya ukoo ikabaki kwa watoto wa nchi. Ufalme wa babu yake ulikwisha miaka minane na kitu baada ya kifo chake. Shule zake zimepita miaka 130. Liliʻuokalani mwenyewe, baada ya kunyang'anywa kiti, alifuata nyayo hizo: mwaka 1909 aliweka mali yake wakfu kwa ajili ya yatima wa Kihawaii.

Sisi hatuna ekari laki tatu. Pengine tuna kiwanja kimoja, jengo la mikutano, na akiba ya michango ya kila mwezi. Lakini mali ndogo huliwa kwa njia zile zile zinazoliwa mali kubwa, na hulindwa kwa njia zile zile. Basi mwanachama akimaliza kusoma kijitabu hiki asikiweke kabatini. Arudi kwenye kurasa za hesabu, azisome mstari kwa mstari, na asipofahamu aulize mkutanoni bila haya. Na mweka hazina aulizwapo asikasirike, maana anayeuliza ni mwenye mali.